Sura ya Sita: Daftari la Mji na Haki ya Mwenyeji

Katika mwambao huu wa Malindi na Kilifi, ambako watu wamezoea kuthibitisha milki zao kwa minazi iliyopandwa na babu, kwa makaburi ya wazee na kwa ushahidi wa majirani waliokula chumvi nyingi, karatasi iliingia kama kadhi mgeni asiyekubali shahidi wa namna hiyo. Na tangu siku ilipoingia, aliyejua kilichoandikwa ndani yake ameshinda, na asiyejua ameshindwa, hata pale ambapo haki ilikuwa upande wake.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kidogo, wala haifai kupitwa mbio. Mwaka 1895 Waingereza walishika utawala wa ukanda wa maili 10 wa pwani, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, kwa ijara waliyomlipa kila mwaka. Na mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi, iliyomlazimu kila mwenye kudai shamba au kiwanja ndani ya ukanda ule apeleke dai lake kwa Mwandishi wa Hati katika muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mwarabu na Mswahili wa mjini, aliyekuwa na waraka wa kadhi sandukuni, na Mhindi aliyekopesha kwa rehani akashika hati, walikwenda wakaandikisha. Lakini Mgiriama, Mkauma, Mchonyi na wenzao wa Kimijikenda, ambao kwao ardhi ilikuwa ya mbari wala haikuwa ya mtu mmoja, aghalabu hawakuandikwa, na wengi katika wajukuu zao ndio hawa wanaoitwa maskwota hivi leo, katika mashamba yale yale vilikozikwa vitovu vyao. Uhuru ulipokaribia, mwezi wa Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliafikiana kwamba hati za milki zilizokwisha kuandikishwa pwani zitaheshimiwa. Basi daftari lililofunguliwa zama za Mwingereza likavuka likaingia katika zama zetu, na maandiko yake yangali yakisomwa mahakamani hadi leo.

Nimeyataja haya kwa kuwa yanadhihirisha jinsi mtu anavyoweza kunyang'anywa bila ya kusikia sauti ya mnyang'anyi. Tangazo hutolewa, muda wa kupinga hupita, karani hutia muhuri, na mwenye shamba yuko shambani akipalilia. Mwenyeji wa leo, awe wa Shela au Muyeye, wa Watamu au Mtwapa, yumo katika hatari ile ile, ila kwa tofauti moja kubwa: sheria ya nchi sasa inampa ruhusa ya kulitaka daftari liletwe mbele yake, na ruhusa hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zahitajiwa ili kutumia au kulinda haki fulani. Bunge likaja likaifafanua ibara hiyo kwa Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwezi wa Septemba mwaka huo. Sheria hii inastahili kusomwa na kila nyumba, na katika vifungu vyake viko vinne ninavyovithamini kuliko vyote. Kwanza, mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kutaka habari, wala afisa hana ruhusa ya kumnyima kwa kuidhania nia yake, kwa hiyo lile swali la mlangoni, "Wewe wataka ya nini?", halina mizizi katika sheria. Pili, maombi yenyewe huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na barua ya Kiswahili fasaha ina uzito ule ule wa barua ya wakili wa Mombasa. Tatu, asiyejua kuandika, au aliye na ulemavu unaomzuia, anayo haki ya kusema kwa mdomo, na afisa ndiye atakayeyaandika maneno yake na kumpa nakala. Nne, kuomba hakulipiwi. Kinacholipiwa, kama kipo, ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuifikisha.

Haki hii ni ya raia. Wageni waliohamia Malindi, na wapo wengi, hususan Waitaliano, hawakuingizwa ndani yake. Lakini rajisi ya ardhi ni jambo jingine, kwani Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeifungua kwa mtu yeyote. Asiwepo mtu atakayeambiwa kwamba kuuliza nani mwenye kiwanja fulani ni kuingilia mambo ya watu.

Ugumu wa kazi hii, kwa kadiri nijuavyo mimi, hauko katika kuomba. Uko katika kujua waraka unaoutaka umelala katika kabati la nani. Mwenyeji wa mji wetu huona serikali kuwa kitu kimoja, ilhali serikali yenyewe imegawanyika mafungu mengi, na kila fungu lina masjala yake. Tuchukue mfano wa barabara moja tu ya Malindi: lami yake yaweza kuwa ya Kaunti, au ya mamlaka ya barabara za mijini, au ya mamlaka ya barabara kuu, kwa kadiri ya daraja iliyopewa; bomba la maji lipitalo chini yake ni la kampuni ya maji ya Malindi, ambayo ni ya Kaunti; maji yenyewe yanayotoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, yako chini ya wakala wa maji wa pwani, ambao ni wa Serikali Kuu; na nyumba zilizo kando yake zilipata idhini ya kujengwa katika idara ya mipango ya Kaunti, ilhali hati za viwanja vyake ziko katika ofisi za Wizara ya Ardhi. Hata Kaunti yenyewe ina vichwa viwili, kwa sababu makao ya Gavana yako mjini Kilifi, na Bunge la Kaunti hukaa Malindi. Basi atakaye waraka wa idara asiende kuutafuta kwa karani wa Bunge, na atakaye taarifa za mijadala, miswada au ripoti za kamati asipande matatu kwenda Kilifi.

Jambo la ardhi lataka maelezo zaidi, kwani ndilo linaloliza watu. Viwanja vingi vya kale vya mjini na vya ufuoni, vilivyotokana na daftari la mwaka 1908, vina nambari za vipande pamoja na nambari ya hati, na majalada yake yaliwekwa katika rajisi ya Mombasa. Ilhali mashamba yaliyopimwa baadaye, katika mipango ya makazi na maeneo ya ugawaji, hubeba jina la mahali na nambari, kama vile Gede na Mijomboni au Chembe na Kibabamshe, na rajisi yake iko Kilifi. Kwa hiyo mtu asianze safari kabla ya kuisoma nambari kwa makini, kwani nambari yenyewe ndiyo imwambiayo aelekee wapi. Akiipata ofisi iliyo yake, ataomba upekuzi rasmi, ambao watu wa ofisini huuita sachi, na atapewa karatasi yenye kutaja jina la mwenye milki, ukubwa wa kipande, na mizigo iliyomo, kama vile rehani ya benki au zuio la mahakama. Naye mwenye kununua ardhi pwani bila ya kufanya upekuzi huu, akategemea maneno ya dalali na nakala iliyokunjwa mfukoni, ametupa mali yake baharini kwa hiari yake.

Lakini upekuzi husema nani aliyeandikwa leo, wala hausemi aliandikwaje. Anayetaka kujua kipande cha umma kilivyogeuka kuwa cha mtu, au njia ya wavuvi ya kuteremkia ufuoni ilivyofungwa kwa ukuta, hana budi kutafuta nyaraka za nyuma: ramani ya upimaji, barua ya ugawaji, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, na idhini ya ujenzi. Hapa ndipo penye giza, kwa sababu kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwezi wa Machi 2013, mambo hayo yalikuwa mikononi mwa mabaraza ya zamani, Baraza la Mji wa Malindi na Baraza la Kaunti ya Kilifi miongoni mwao, na mabaraza hayo yalipovunjwa, majalada yao yalirithiwa pamoja na meza na madeni. Jibu mwombaji atakalolisikia mara nyingi ni "faili haionekani." Jibu hilo lisipokewe kwa mdomo. Aombe aandikiwe, kwa jina la ofisi na tarehe, kwamba waraka huo haupo. Maana faili iliyopotea kwa maneno hupatikana siku nyingine kwa manufaa ya mtu mwingine, bali faili iliyopotea kwa maandishi ina mwenye dhamana ya kujibu.

Kuna na matangazo ambayo hayangoji mtu aombe. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limekuwa likitoka tangu mwaka 1899 na ambalo siku hizi husomwa bila malipo katika intaneti, hutangaza kila juma hati zilizopotea na mirathi iliyofikishwa mahakamani. Mtu akidai kwamba hati ya shamba imepotea na kutaka apewe mpya, msajili hutangaza humo na kungoja siku 60 aone kama yuko mwenye pingamizi. Na mirathi inayoombwa katika mahakama za kiserikali hupewa siku 30. Hali kadhalika serikali inapopima eneo na kuamua nani mwenye kipande gani, daftari la maamuzi huwekwa wazi, na mwenye kutoridhika ana siku 60 za kuandika pingamizi. Laiti kila kamati ya msikiti na kila kanisa, kila bi mkubwa wa kikundi cha akina mama, wangekuwa na kijana mmoja wa kulisoma Gazeti hilo kila linapotoka na kutafuta majina ya mahali petu, dhuluma nyingi zingekamatwa zingali mlangoni.

Ama barua yenyewe, iwe fupi, na iombe kitu kimoja chenye jina. Anayeandika "naomba habari zote kuhusu soko" amempa afisa sababu ya kuchoka. Bali anayeandika "naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa soko fulani, pamoja na orodha ya vipimo na bei za kazi, na cheti cha malipo ya mwisho" amemfungia njia za kukimbilia, kwa kuwa nyaraka hizo zajulikana kwa majina yake, na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za zabuni zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 6. Barua ielekezwe kwa mkuu wa taasisi, kwani ndiye ambaye sheria imemfanya afisa wa habari hata kama amemkaimisha mwingine. Itaje Ibara ya 35 na Sheria ya mwaka 2016. Iwe na anwani na nambari ya simu ya mwombaji. Na iandikwe nakala mbili, moja ibaki ofisini na ya pili irudi nyumbani ikiwa imepigwa muhuri wenye tarehe. Muhuri huo usidharauliwe. Pasipo na muhuri, hesabu ya siku haina pa kuanzia, na barua huwa kana kwamba haikupelekwa.

Baada ya kupokea, afisa ana siku 21 za kutoa uamuzi. Ikiwa habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, ana saa 48 tu. Akiona kwamba nyaraka ni nyingi mno aweza kujiongezea siku 14, mara moja, na kwa kumwarifu mwombaji. Na akiona kwamba barua imekuja kwa ofisi isiyo yake, ni wajibu wake yeye kuipeleka kunakohusika ndani ya siku 5, wala si wajibu wa mwananchi kurushwa huku na huko. Akinyamaza hadi muda ukaisha, sheria huhesabu ukimya wake kuwa ni kukataa, na hapo mwombaji ana siku 30 za kulalamika mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huijua zaidi kwa jina la Ombudsman na ambayo ina ofisi Mombasa. Tume yaweza kuamuru nyaraka zitolewe, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufani Mahakama Kuu.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa adabu, na katika adabu zetu kumkumbusha mkubwa ni uzito, na kumtajia sheria ni karibu na kumtukana. Nafahamu hisia hiyo na naiheshimu, lakini nadhani tumeipeleka pasipo pake. Afisa wa umma ameketi pale kwa amana. Nyaraka alizonazo si zake, wala haombwi fadhila. Mtu aweza kuandika "Mheshimiwa" na "kwa taadhima", akasalimu vizuri mlangoni, akaamkia aliye mkubwa wake kwa shikamoo, na bado akadai siku zake 21 zihesabiwe sawasawa. Upole wa maneno na ukavu wa madai vyaweza kukaa katika barua moja.

Atakayeuliza kama haya yamewahi kuzaa tunda, na aangalie kesi ya reli. Kwa miaka mingi mikataba ya mikopo iliyoijenga reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifichwa, na kila aliyeitaka aliambiwa kwamba ni siri baina ya serikali mbili. Khelef Khalifa, mtetezi wa haki za binadamu wa Mombasa, pamoja na Wanjiru Gikonyo, waliomba nyaraka hizo kwa barua, wasipewe, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Na tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba kuzificha kulivunja Katiba, akaamuru zitolewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali mpya ikaweka hadharani baadhi ya mikataba hiyo. Kesi kubwa hivyo ilianza kwa barua ya kawaida ya kuomba habari, kama ile awezayo kuiandika mkazi wa Ganze kuhusu zahanati yake. Na hukumu yenyewe, pamoja na hukumu nyingi za mahakama za Malindi, husomwa bure katika hazina ya sheria iitwayo Kenya Law, ambamo mwenye kesi ya ardhi hupata mifano ya majirani zake waliomtangulia.

Si kila kitu hutolewa, na ni haki iwe hivyo. Usalama wa taifa, uchunguzi wa jinai ungali ukiendelea, siri za biashara za kampuni, na faragha ya mtu, mathalan jalada lake la hospitali, vina kinga. Lakini kinga hiyo ina mipaka: yafaa afisa aseme ni kifungu gani anachokitegemea, na ikiwa sehemu tu ya waraka ndiyo yenye siri, sehemu iliyobaki yatakiwa itolewe.

Mambo ya fedha nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa mengi hutolewa hata bila ya kuombwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti kila baada ya miezi mitatu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa yake kila mwaka. Mwenye kutaka kujua fedha za kisima cha kijijini kwake ziliishia wapi aanze kwa ripoti hizi mbili, ndipo aandike barua.

Zimebaki nyaraka za wazee, na moyo wangu uko huko zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 na kukaa katikati ya Nairobi, imehifadhi ripoti na barua za maofisa wa wilaya za pwani, na nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Humo zimo habari za Arthur Champion, aliyetumwa kwa Wagiriama kutafuta kodi na vibarua. Za Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha watu wake mwaka 1913 wasitii, akakamatwa na kupelekwa Kisii. Na za mwaka 1914, serikali ilipoilipua Kaya Fungo na kuwaamuru Wagiriama waondoke ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Zimeandikwa na mikono ya maadui, na msomaji azisome akiwa na hadhari hiyo. Hata hivyo majina ya mahali, tarehe na vijiji vilivyochomwa vimo, na adui aliyeandika aliyoyatenda amekuwa shahidi wa mjukuu wa aliyetendewa. Tena si mbali sana na zama zetu, mwaka 2006, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, ambamo wakazi wenyewe walisimama wakatoa ushahidi juu ya ardhi, maji na ajira. Ripoti hiyo ni mali ya Magarini kabla ya kuwa mali ya mtafiti yeyote, na shule za sekondari za huko zingeiweka maktabani.

Basi, wewe uliyesoma hadi hapa na unayejua kuandika, usiwaandikie wa nyumbani kwako tu. Yuko mzee karibu nawe mwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hajawahi kusomewa, na yuko mjane ambaye shamba la marehemu mumewe limo katika daftari ambalo hajaliona. Wasomee, kisha waandikie barua kwa Kiswahili, uwapeleke ofisini ipigwe muhuri, na uihesabu tarehe ya siku 21 pamoja nao.